Jina la Baba Katika Msimbo

Kazi yangu ni kuandika mifumo ya kompyuta, na kwa muda mrefu nilikuwa na ugomvi na mwenzangu wa ofisini kuhusu mahali barua zinapotakiwa kukaa. Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Mkuyuni, Mwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kwa hiyo tunabishana huku chini mtu anajaribu honi. Tuko wawili tu. Yeye ni Mhaya, nadhifu kupita kiasi, hata waya wa chaja anaukunja kabla ya kwenda kula. Mimi ni Msukuma wa hapa hapa, na mbao ya meza yangu haionekani kwa makaratasi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mfumo wa kwenye mtandao ukitakiwa kumtumia mtu barua pepe, lazima kuwe na barua iliyoandikwa tayari, yenye nafasi wazi za kujaza jina, siku na mahali. Sisi tunaiita kiolezo. Mwenzangu anataka kila kiolezo kiwe na faili lake, kwenye folda yake, mbali na msimbo, yaani yale maagizo tunayoiandikia kompyuta. Mimi nilikuwa naiandika barua palepale katikati ya maagizo, ndani ya alama za kunukuu, mstari juu ya mstari. Barua ya mistari sita ya nini kuijengea nyumba yake? Unaisoma hapo hapo unapoitumia, unabadilisha neno, unaendelea na maisha yako. Mwenzangu akipita nyuma ya kiti changu anaguna. Nami naguna.

"Siku moja hizo barua zitakuumbua," aliniambia.

"Zitaniumbua mimi, siyo wewe," nikamjibu. Majibu ya namna hiyo nilikuwa nayo mengi.

Chama cha kuzikana cha mtaa wetu kilikuja kwetu kupitia kwa katibu wake, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne, na ambaye mpaka leo nikimwona naficha vidole asije akakagua kucha. Alipanda ngazi zetu akiwa na kaunta buku mbili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Kundi la simu la chama limejaa picha za asubuhi njema na vichekesho. Tanzia ikitumwa saa tatu, saa nne imeshafunikwa. Halafu wanachama wengi ni waajiriwa, na bosi hatoi ruhusa ya kwenda kuzika kwa kuonyeshwa ujumbe kati ya vichekesho. Anataka barua yenye kichwa cha chama, iliyochapishwa, yenye jina la marehemu na uhusiano wake na mwanachama.

"Nataka nikibonyeza, kila mtu apate barua yake," alisema. "Asije mtu akaniambia hakuambiwa."

Barua zilikuwa tatu: ya mkutano, ya mgonjwa na ya tanzia. Mbili za kwanza alizipitisha bila neno. Ya tanzia tuliihangaikia siku mbili. Chama kina Waislamu na Wakristo, na barua haiwezi kuwa moja. Mwislamu anazikwa upesi, kwa hiyo saa lazima ikae juu kabisa, na maneno ya kumalizia ni yao. Mkristo anaweza kusubiriwa hadi kesho yake au keshokutwa, kuna ibada, na maneno ya mwisho ni mengine. Mwalimu alinisimamia kama vile naandika imla. Alikataa neno "kifo" kwenye mstari wa kwanza, akataka "msiba". Akataka "nyumbani kwa marehemu" badala ya "eneo la tukio" nililokuwa nimeandika, na kwa hilo alinitazama muda mrefu.

Tulipofika hatua ya kujaribu, tukakwama mahali ambapo nadhani waandishi wa vitabu vya kazi yangu hawajawahi kukwama. Ili kuona barua inavyotoka, lazima ujaze majina ya mfano. Kwa barua ya mkutano unaandika chochote. Kwa tanzia unamwandika nani? Mimi nikaandika jina langu, nikaituma kwenye sanduku langu mwenyewe, nikaenda nyumbani kula. Ninaishi na mama. Alikuwa ameshika simu yangu anaangalia picha za harusi ya jirani, barua ikaingia, akaifungua. Akasoma kwamba nimefariki dunia na nitazikwa kesho saa nane mchana.

"Unajichulia?" alinifokea. "Mtoto mzima na akili zako unakaa unajichulia kifo? Futa! Futa nikiona!"

Nikafuta akiona. Ugali ulikuwa umeshapoa, na hakuna aliyenikaribisha mezani.

Nikampelekea mwalimu habari hiyo nikidhani tutacheka pamoja, naye akamuunga mkono mama. Hakuna jina la mtu aliye hai litakaloandikwa kwenye barua ile, hata kwa dakika moja, hata kwa majaribio, huo ni uchuro. Nikasema basi nibuni jina. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba Mwanza nzima hakuna mtu mwenye jina nitakalobuni. Ningebishana, ubishi nimezaliwa nao, lakini ukweli ni kwamba hata vidole vyangu vilikuwa vinasita. Mwenzangu, pamoja na usomi wake wote, nilipomwomba jina lake alitoka nje kwenda kununua maji.

Kwa hiyo nikamwandika baba. Baba alikuwa amefariki miaka saba kabla, hakukuwa na cha kumchulia tena. Niliandika jina lake, kazi yake ya ufundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo, nyumba yetu ya hapa Mkuyuni. Niliviweka ndani ya msimbo, katikati ya barua, kwa agizo la kawaida kabisa: weka hapa jina la marehemu, na kama halijajazwa, weka hili. Mara ya kwanza kuisoma kwenye skrini ilinichoma. Kisha nikazoea. Niliijaribu barua ile labda mara arobaini, na mara zote arobaini nilikuwa naangalia kama mistari imekaa sawa.

Hapa inabidi nieleze habari za mtu mmoja. Baba alikuwa na rafiki, nahodha wa kivuko kilekile. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini, mmoja juu kwenye usukani, mmoja chini kwenye injini, wakiitana kwa kugonga bomba. Kila Jumapili, baada ya ibada, alikuja kwetu na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke. Mama alivichemsha pamoja na karanga, wao wakala huku wakibishana kuhusu pampu. Sisi watoto tulimwita baba mkubwa. Mama alimwita shemeji. Alipostaafu alihamia kwa binti yake, ndani huko mkoa wa Geita, mbali kutoka Busisi, ng'ambo ya kivuko. Hata miezi miwili haikwisha, baba akaugua wiki mbili, akafariki.

Kwenye msiba nilipewa kazi ya kutoa taarifa. Nilichukua simu ya baba, ile ndogo ya vitufe, nikaandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa kila jina lililokuwemo, huku nikiweka alama ya vema kwenye karatasi. Jina la nahodha lilikuwa la nne. Nikaweka vema, nikaenda la tano. Siku ya tatu mama aliizima simu ile kwa sababu ilikuwa haiachi kuita, akaifungia kabatini.

Nahodha hakuja. Mazishi hakuja, arobaini hakuja, wala hakutuma hata mtoto kusema pole. Watu wa mtaani waliuliza siku ya kwanza na ya pili rafiki wa marehemu yuko wapi, halafu wakaacha kuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikomuuma mama zaidi. Alikwenda kwa mwalimu akataka jina la mtu yule lifutwe kwenye kitabu cha chama. Mwalimu akakataa. Kanuni inasema anafutwa aliyekosa misiba mitatu bila sababu, na huyu amekosa mmoja. Tangu siku hiyo michembe haikupikwa tena nyumbani kwetu, na ukitaja kivuko mama anaondoka chumbani. Mimi nilimchukia nahodha kwa niaba yake. Kumchukia mtu hakunisumbui, ndivyo nilivyo.

Mwalimu alipokuwa anakusanya anwani za barua pepe za wanachama wote, hata waliohama, aliipata ya binti wa nahodha kupitia kwa mtu aliyesoma naye. Alinipa orodha nzima, nikaiingiza. Nililiona jina lile, nikalipita.

Mfumo uliwashwa Alhamisi. Wakati wa majaribio nilikuwa nimeweka kizuizi: barua zote, hata ziwe na anwani ya nani, zinakuja kwangu tu. Alhamisi mchana nikaondoa kizuizi, nikampa mwalimu neno la siri, nikamwonyesha kitufe cha kutuma. Ile sehemu ya "kama halijajazwa" niliisahau. Barua ingekuwa kwenye faili lake, ningeipitia siku ya kuwasha, kwa maana mafaili yote ya violezo tunayapitia moja moja. Ilikuwa imekaa ndani, katikati ya mamia ya maagizo, na macho yangu yalishaizoea.

Saa kumi jioni mwalimu, akiwa nyumbani kwake, alitaka kuuona mfumo ukikataa. Ndiyo akili ya kazi yake, hakuamini mwanafunzi mpaka amtege. Alifungua ukurasa wa tanzia, hakujaza kitu, akabonyeza kitufe. Mfumo haukukataa. Ulijaza jina la baba, kazi yake na nyumba yake, ukapanga mazishi kesho yake saa nane mchana, ukatuma kwa wanachama wote.

Akanipigia simu.

"Binti," alisema, "nadhani nimemuua baba yako."

Aliponieleza, nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu mzima, mwalimu wangu, kwamba kitufe si cha kuchezea. Nilijua kabisa kosa ni la nani na bado nikamwambia hivyo, na yeye akaomba radhi. Mpaka leo naona aibu kwa ile radhi.

Simu zikaanza. Wengi walikuwa majirani waliomzika baba kwa mikono yao wenyewe. Baadhi walikasirika, baadhi walitania. Fundi cherehani wa kona yetu aliniuliza, "Kwani mzee alirudi lini? Mbona hakupita hata kunisalimia?" Mwenzangu alivuta kiti chake akakaa karibu yangu, akanisaidia kuandika barua ya kusahihisha. Tukaituma. Mfumo una daftari lake la kuandika kila kinachotoka, na mbele ya kila anwani uliandika: imetumwa, imetumwa, imetumwa, mpaka chini. Nikapumua.

Mama nilimwambia mwenyewe, asije akaambiwa sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitegemea kufokewa, na ingekuwa afadhali.

"Mwache baba yako alale," alisema, akaingia ndani.

Ijumaa sikwenda ofisini, nilikuwa nakimbia watani. Saa sita mchana mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele na mimi naanua nguo, geti likagongwa. Nikafungua. Alikuwa mzee mrefu ndani ya koti zito, kwa jua lile, anaburuta mguu mmoja, ameshikwa kiwiko na mwanamke wa makamo aliyebeba mfuko. Kwapani mzee alikuwa na mkeka uliokunjwa. Sikumtambua mpaka alipovua kofia. Ni nahodha.

Alichungulia uani kwetu. Kulikuwa na nguo kwenye kamba na kuku wawili. Hapakuwa na turubai, viti wala moto.

"Wameshaondoka?" aliuliza. "Tumechelewa? Barua ilisema saa nane."

Hata shikamoo sikumpa, na sijawahi kumnyima mtu mzima shikamoo. Mama alikuwa amesimama na ungo wake mkononi. Uso ule naujua, nilijua atamfukuza.

"Shemeji," mzee alisema, akaanza kulia pale pale getini, waziwazi. "Shemeji, ameondoka jana? Aliugua? Aliniulizia?"

Ungo wa mama ulikuwa umeinama na mchele unamwagika, kuku wakaja.

"Ana miaka saba, shemeji," mama alisema mwishowe.

"Miaka saba ya nini?"

"Ardhini. Baba yao tumemzika miaka saba iliyopita."

Mzee alimgeukia binti yake. Binti alitoa simu, akaisoma tena ile barua ya kwanza, midomo ikicheza. Ni muuguzi kwenye zahanati ya kijijini. Aliipata Alhamisi jioni, akamsomea baba yake, na alfajiri wakaingia barabarani bila kuangalia kitu kingine. Sasa alipotelezesha kidole, barua ya pili ikatokea.

"Iko hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Kwamba tusije. Imeingia sasa hivi, kijijini mtandao ni wa shida."

Nahodha alikaa chini. Mkeka ulikuwa bado kwapani, alikaa kwenye udongo mtupu na koti lake, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Akaeleza. Maneno yalitoka polepole, nusu Kiswahili, nusu Kisukuma.

"Simu yangu iliingia ziwani mwezi ule ule niliohama. Namba zote zikaenda nayo. Ya kwake tu ndiyo niliijua kwa kichwa. Nilipopata simu nyingine, nikapiga. Haipatikani. Nikapiga mwezi mzima, haipatikani. Nikasema basi, amekasirika. Jumapili ya mwisho nilimwambia masikio yake yamekufa, hata injini yake haisikii tena. Nikasema neno lile limemuuma, kanizimia simu. Na mimi nikanuna, shemeji. Nilinuna na mtu ambaye hayupo."

"Mimi ndiye niliyeizima," mama alisema. "Iko kabatini."

Akaweka ungo chini. Wakatazamana, wazee wawili, na niliona mama anaanza kuelewa kwamba hasira yake ya miaka saba haikuwa na mwenyewe. Hapo ningeweza kunyamaza. Lawama yote ilikuwa imeshapata pa kukaa: simu moja iko ziwani, nyingine iko kabatini. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini nilikuwa nakumbuka. Nilipoutuma ule ujumbe kwa jina la nne, simu ya baba ililia mlio tofauti, na kwenye kioo pakatokea maneno kwamba ujumbe haukufika. Niliyaona. Nilibonyeza kitufe yaondoke, kwa sababu kulikuwa na majina zaidi ya thelathini yananisubiri na kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kulia. Nikaweka vema. Nilijiambia nitarudia baadaye, na baadaye nikamkuta mama anauliza kwa nini shemeji hajaja, nami nikasema nimemwambia. Miaka saba nilimsikiliza akimlaani mtu yule na sikuwahi kusema vinginevyo. Sijui kama nilisahau au nilikubali kusahau. Niliogopa sana pale uani, kuliko nilivyoogopa kwa mambo ya mfumo.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia. Ujumbe ulikataa kufika. Simu ilinionyesha kwamba haukufika, nikaweka vema hivyo hivyo."

Mama alinitazama. Sikuweza kuusoma uso wake, na huwa nausoma. Alimgeukia nahodha, akamshika mkono kumwinua, binti akasaidia upande wa pili.

"Mpigie mwalimu," aliniambia bila kugeuka. "Mwambie nyumbani kwetu kuna msiba."

Nikapiga. Mwalimu hakuuliza swali hata moja. Haikupita nusu saa akaingia na kaunta buku yake kwapani, na nyuma yake watu kumi hivi wamebeba viti vya plastiki vichwani. Ni walewale walionipigia jana. Wanawake walipita moja kwa moja jikoni. Fundi cherehani aliyenitania alimwendea nahodha, akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole kwa kufiwa, kama vile baba amefariki asubuhi ile. Wote walifanya hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakakaa naye kama tunavyokaa na mfiwa, bila kuharakisha maneno. Mfuko aliobeba binti ulikuwa wa michembe. Mama aliufungua, akanusa, akaibandika jikoni mwenyewe.

Saa nane mchana tulikuwa makaburini. Nahodha alisimama mbele ya kaburi la baba, akamwamkia kwa Kisukuma, akaomba radhi kwa lile neno la masikio. Halafu akampa habari. Alimwambia daraja la kuvuka pale kivukoni limekwisha kujengwa. Alimwambia leo amevuka ziwa kwa gari, juu kwa juu, dakika chache tu, na hakuna mtu aliyemgongea bomba. Hapo akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na mwalimu akamshika bega. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nililia pia, kwa sauti, na sikujali nani ananiona.

Jumatatu nilizitoa barua zote ndani ya msimbo, nikazipa mafaili yake. Jina la baba nililifuta mwenyewe. Ukurasa wa tanzia usipojazwa sasa unakataa, na kwenye majaribio tunaandika "marehemu" peke yake, mwalimu ameridhia. Kwa mwalimu nilikwenda kuomba radhi kwa yale maneno ya simu. Alinikagua kucha. Mwenzangu aliona folda mpya kwenye kompyuta yake siku nzima na hakusema kitu, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote.

Wiki ile mama alikuja ofisini kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Alipanda ngazi akishika ukuta, mwalimu nyuma yake. Kuhusu alama yangu ya vema alikuwa hajasema neno tangu Ijumaa. Tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na maji tu. Alisema wamekuja kurekebisha taarifa za shemeji, kwa sababu nahodha mwenyewe alimwagiza kabla ya kuondoka.

Nikafungua ukurasa wake. Kuna kisanduku kinachouliza taarifa ifikishwe kwa anwani gani.

"Andika: afuatwe nyumbani," mama alisema.

Nikaandika. Mfumo ukakataa, ukasema anwani si sahihi. Nikamweleza mama kwamba pale panatakiwa anwani ya barua pepe.

"Si umeitengeneza wewe?" aliuliza. "Iambie ikubali."

Ilinichukua dakika kumi kuibadilisha, mama amesimama nyuma ya kiti changu, honi zikilia chini. Nikaandika tena, ikakubali. Mwalimu akauliza ni nani atakayekwenda kumfuata, maana kitabu lazima kiwe na jina la mtu. Mama hakunitazama, alikuwa anasoma skrini polepole, mstari kwa mstari.

"Mwandike binti yangu," alisema. "Na aandike hapo kwamba asiweke vema mpaka amemwona kwa macho."

Nikaandika yote mawili kama alivyosema, nikahifadhi.